Dismasi Anampigia Nani Magoti?

Wifi yangu Honorata ana wivu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema namsengenya, maana yeye mwenyewe hakatai. Ukimwambia, "Wifi, wivu utakuua," anakujibu bila kukutazama, huku akigeuza migebuka yake juu ya moto, "Basi mtanizika. Sogea huko, unanizibia upepo." Mimi sina wivu. Nina macho tu, na macho yangu yamekaa mkabala na mlango wake tangu mdogo wangu Dismasi alipomleta hapa Ujiji akiwa bibi harusi.

Nyumba zetu zinatazamana, ua ni mmoja. Mimi nashona cherehani barazani, kwa hiyo anayetoka namwona na anayerudi namwona. Honorata anakausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba na kuwauza sokoni. Ni mwanamke wa kazi, hilo simnyimi. Migebuka yake haiungui wala haivundi, na wapo wanaomfuata kutoka Kasulu. Lakini mteja akisimama mbele yake huku macho yakitangatanga kwenye meza ya jirani, Honorata humnyang'anya samaki mkononi na kumwambia aende huko huko anakoangalia.

Ndivyo alivyo. Aliwahi kuzima redio katikati ya taarifa ya habari kwa sababu Dismasi alisema yule mtangazaji wa kike ana sauti tulivu. Aliwahi kuihamisha familia nzima kutoka misa ya kwanza kwenda ya pili kwa sababu ya mwanakwaya mmoja aliyekuwa akitabasamu kwa kila mtu, Dismasi akiwamo. Na mimi je, dada wa tumbo moja? Siku Dismasi alipopitia kwangu akala ugali na dagaa kabla ya kuvuka ua, Honorata alitoka na chungu chake akawamwagia kuku, polepole, ili nione vizuri. Kesho yake asubuhi alikuja kuniomba chumvi, nikampa.

Kama kuna mtu aliyempandikiza wivu huo, basi ni mama yake mzazi, Bibi Margareta wa Kidahwe, huko barabara ya Kasulu. Bibi huyo ana mabinti wawili, Honorata na mdogo wake Happiness. Honorata anasema tangu utotoni kipande cha nyama cha Happiness kilikuwa kikubwa zaidi. Mimi sikuwepo kupima. Nilikuwepo siku ya harusi ya Happiness, na siku hiyo niliona kwa macho haya haya. Bibi Margareta alifungua sanduku, akatoa kitenge chake cha Kongo, kile alichoolewa nacho yeye mwenyewe, akamtandia Happiness mabegani mbele ya wageni wote. Honorata alipoolewa alipewa kitenge cha dukani. Kizuri, kipya, mimi ndiye niliyekishona, lakini cha dukani.

Honorata alisimama katikati ya vigelegele. "Mama," alisema, "mimi uliniokota njiani?"

Vigelegele vikakatika. Bibi Margareta alimjibu, "Kaa chini, unatutia aibu."

Hakukaa. Alitoka na viatu mkononi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Kidahwe. Happiness alikwenda Mbeya na mume wake. Dismasi alijaribu kusuluhisha mpaka akachoka. "Nenda kamsalimie mama, mke wangu." Honorata alikuwa akimjibu, "Ana watoto wawili. Naye ajifunze njia ya kwa huyu wa pili." Bibi Margareta naye, nilisikia, akiulizwa habari za Honorata alikuwa akisema hamjui mtu wa jina hilo. Mama na mwana walifanana kuliko walivyotaka kujua.

Sasa nije kwenye goti la mdogo wangu. Dismasi ni karani wa mizigo bandarini Kigoma. Kazi yake ni kukaa kitini, kuhesabu magunia yanayoshuka na yanayopanda. Ujanani alicheza mpira, winga ya kulia, na aliwahi kugongwa goti hilo mpaka akabebwa, lakini lilipona na hatukulisikia tena. Mwaka mmoja baada ya harusi ile ya Happiness likaanza kumsumbua. Akishuka ngazi za kanisa anashika ukuta. Akikaa sana halafu akasimama, anabaki amejikunja kidogo kwanza, anasikilizia. Wakati mwingine linalia, ko, ko, unalisikia kutoka barazani kwangu.

Honorata alimkanda kila jioni kwa mawese ya moto na chumvi. Alimkanda kwa mapenzi na kwa hasira pamoja, maana siku hizo Dismasi alikuwa amezoea kuchelewa. Jioni mbili, tatu kwa wiki aliingia giza likikaribia. Sababu ilikuwa moja, "Meli ya Kongo imechelewa kushusha." Honorata alikuwa akibonyeza goti na Dismasi anapiga kelele.

"Unalia nini?" Honorata anamuuliza. "Huko unakotoka ukikandwa unalia hivi?"

"Natoka kazini, Honorata."

"Kazi hiyo ina jina gani? Inasuka nywele?"

Walikwenda hospitali, akapigwa eksirei, na majibu yakasema mifupa ni mizima, hakuna tatizo. Hapo ndipo moto ulipowaka. Honorata alivuka ua na ile picha nyeusi mkononi, akaiinua juani mbele ya cherehani yangu. "Tazama, wifi. Goti zima kabisa. Mtu mwenye goti zima anachechemea kwa sababu gani? Anatafuta kuhurumiwa. Na anayemhurumia si mimi." Nilimwambia mimi si daktari, aniondolee goti la mdogo wangu juu ya kitambaa cha watu.

Lakini maumivu hayakuisha, na Dismasi alianza kukonda. Wakarudi hospitali, safari hii wakaangukia kwa daktari kijana, mwanamke, Dokta Catherine. Nami nilikwenda, kwa sababu Honorata aliniambia, "Twende wifi, ukashuhudie wanavyoangaliana." Hawakuangaliana. Dokta alikuwa akiliangalia goti.

Alilikunja, akalikunjua, akaweka kiganja juu ya kikombe cha goti, kile kifupa cha mbele, na kumwambia Dismasi akaze paja. Dismasi akakunja uso. Dokta akasema eksirei inaona mfupa, na mfupa kweli ni mzima. Lakini kati ya mfupa na mfupa kuna gegedu, na gegedu eksirei hailioni. "Mmeshakula paja la kuku," alituambia. "Pale mwisho wa mfupa kuna kitu cheupe, laini, kinateleza. Watoto hukitafuna. Kile ndicho gegedu. Likiharibika sana ndipo eksirei inaonyesha, kwa sababu mifupa inakuwa imeshasogeleana. Nataka tulione mapema, kabla halijafika huko." Kipimo chake kinaitwa MRI, akasema, na kwa bima ya Dismasi ingebidi aende hospitali kubwa Dodoma.

"Atakwenda na nani?" Honorata akauliza.

"Anaweza kwenda peke yake, mama. Hakiumi."

"Nimeuliza atakwenda na nani," alisema Honorata, "kwa sababu atakwenda na mimi."

Haya ya Dodoma nayasema kama alivyonisimulia yeye. Walipanda treni, wakafika wamechoka. Pale kwenye kipimo muuguzi alimuuliza Dismasi maswali: ana chuma mwilini? Amewahi kufungwa vyuma? Ana kifaa cha moyo? Maana mashine ile ni sumaku kubwa, haina mionzi kama eksirei, lakini chuma hairuhusu kiingie. Akaambiwa avue saa, mkanda, pete, abadili nguo avae gauni la hospitali. Honorata akauliza, "Kwani goti liko kiunoni?" Muuguzi akacheka. Honorata hakucheka.

Alitaka kuingia naye. Wakamwambia sawa mama, lakini vua hereni, vua vibanio vya nywele, vua pete. Hereni zilitoka, vibanio vilitoka. Pete haikutoka. Mikono ya Honorata imenenepa kwa miaka ya moto na chumvi, na pete imezama kwenye kidole. Wakamletea sabuni, akavuta mpaka kidole kikawa chekundu, wapi. Huku ya Dismasi imeshalala kwenye kisahani, imetoka yenyewe, kwa urahisi kabisa.

"Yake ilitoka, wifi," aliniambia. "Aliinamisha mkono tu ikatoka. Mimi yangu wangenikata kidole."

Basi akabaki nje. Kupitia kioo alimwona muuguzi akilifunga goti la mume wake ndani ya kitu kama beseni lenye mfuniko, taratibu, kwa mikono miwili, akimwambia asitikisike. Akasukumwa, miguu ikitangulia, ndani ya ile mashine ya mviringo, kichwa kikabaki upande wa nje. Kisha kelele zikaanza, kugonga na kuvuma, zikanyamaza, zikaanza tena. Honorata akamsogelea kijana aliyekuwa akiendesha mashine.

"Huko ndani yuko na nani?"

"Yuko peke yake, mama."

"Mbona pamegongwa?"

Alivyonisimulia hivyo nilicheka mpaka nikachoma kidole kwa sindano. Yeye hakuona cha kucheka.

Majibu yalitumwa kwa Dokta Catherine, naye akatuita. Tulikaa watatu mbele yake, Dismasi katikati. Aligeuza kompyuta ili tuone. Ilikuwa picha ya goti kutoka ubavuni, ya kijivu, na ilionyesha mpaka nyama na mishipa, si mfupa tu. Dokta aliweka kalamu nyuma ya kikombe cha goti. Palikuwa na ukanda mwembamba, na sehemu moja ya ukanda huo ilikuwa na doa jeupe.

"Hili ni gegedu," alisema. "Hapa limelainika na limeanza kunywa maji. Juu limechanika kidogo, kama kitambaa kinavyoanza kufumuka. Lakini halijaisha, na mfupa wa chini yake bado mzuri. Baba, umewahi. Wengi wanaletwa hapa pakiwa hapana kitu tena, mfupa unasaga mfupa. Wewe tutakupa mazoezi ya kuimarisha paja, tutapunguza yanayolitesa goti, na nadhani utatembea vizuri."

Dismasi akashusha pumzi. Hata Honorata, nilimwona, alishika kiti cha mumewe kwa nyuma. Mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwisha vizuri, tungerudi nyumbani tukapika. Lakini Dokta alikuwa na swali.

"Baba, unapiga magoti mara kwa mara?"

"Hapana," akasema Dismasi.

Alijibu upesi mno. Dokta akauliza kama anaweka vigae, anasugua sakafu, anapalilia mchicha. Dismasi akasema yeye ni karani, anakaa kitini. Dokta akainama, akapitisha kidole gumba chini ya kikombe cha goti, la kulia, kisha la kushoto. "Hii ngozi ina sugu," alisema. "Magoti yote mawili. Picha haijui umefanya nini, na lile pigo la zamani la mpira lina mchango wake. Lakini sugu hizi si za kitini. Vyovyote iwavyo, kupiga magoti uache."

Hapo ieleweke vizuri. Dokta aliongea habari za mifupa. Lakini kwetu mwanamke kupiga magoti si habari, tunapiga tukisalimia, tukipokea, tukiomba. Mwanamume anapiga magoti kanisani, na asipokuwa kanisani basi amekosa mahali au anabembeleza mtu. Na misa ya pili, tunayosali sisi, Dismasi husimama nyuma kabisa kwa sababu ya goti hilo hilo. Nilimtazama Honorata. Uso ulikuwa umetulia kabisa, na mimi nikaogopa.

Tulipovuka tu geti alimsimamisha.

"Mimi nimekukanda mwaka mzima," alimwambia. "Sugu hizo nimezishika kwa mikono yangu kila jioni, nikadhani ni ugonjwa. Unampigia nani magoti, Dismasi?"

"Nyumbani, Honorata. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Mimi hujawahi kunipigia magoti. Hata ulipokuja kuniposa ulikuja umesimama. Huyo ni nani anayebembelezwa mpaka mume wangu anaota sugu?"

Nilitaka kucheka, nilitaka na kumpiga kofi mdogo wangu, maana alikuwa ananyamaza kama mwenye hatia. Usiku wa siku hiyo ulipita kwa sauti za chini chini, na asubuhi Honorata hakuwasha moto wa samaki. Kwa mtu anayemfahamu, hiyo ni dalili mbaya kuliko matusi. Nilivuka ua nikamkuta anakunja nguo zake, anaziweka kwenye mfuko wa shangazi kaja, na Dismasi amesimama mlangoni.

"Nipe jina," Honorata alikuwa akisema. "Jina moja tu. Nikishalijua naweza kukaa, naweza kuondoka, nitajua mwenyewe. Lakini kukaa na mtu nisiyemjua katikati yetu, siwezi. Jumapili ikinikuta sijaambiwa, naondoka."

"Siwezi kusema. Niliapa."

"Uliapa kwangu!" Hapo ndipo alipopaza sauti. "Kanisani, watu wakisikia! Kumbe una viapo viwili?"

Dismasi akanitazama mimi, kama nimsaidie. Sikumsaidia. Nilikuwa upande wa Honorata siku hiyo, na nasema wazi, nilitamani kumjua huyo mwanamke kuliko hata mwenye mume.

Jumamosi mchana Dismasi alivaa suruali ya zamani, akasema anakwenda bandarini, meli ina shida. Alipotoka tu, Honorata alikuwa ameshavuka ua, amejifunga khanga kiunoni. Tukakodi bajaji. Bodaboda aliyopanda Dismasi haikuelekea bandarini. Ilipita Mwanga, ikachukua barabara ya Kasulu, na sisi nyuma yake, vumbi letu lote. Honorata alikuwa ameshika chuma cha bajaji kwa mikono miwili. Tulipofika Kidahwe bodaboda ikakata kona kuingia kijijini, akanigeukia.

"Hii njia ni ya kwa mama."

"Labda anapita tu," nikamwambia.

"Mwanamke yuko kijijini kwetu." "Anatoka nyumbani kwangu, anakuja kuchukua mwanamke kijijini kwetu, na mama anajua. Mama anamficha! Ili Kidahwe nzima inicheke."

Nikikumbuka sasa naona namna wivu unavyokimbia mbele ya miguu. Lakini pale, ndani ya ile bajaji, nilimwamini kila neno. Tulishuka kwenye bajaji mbali kidogo tukaenda kwa miguu. Bodaboda ilikuwa imeegeshwa chini ya kivuli cha michikichi ya Bibi Margareta, mwenye nayo analala juu yake, na ndala za Dismasi ziko mlangoni. Kutoka ndani tulisikia kicheko cha mwanamke. Honorata akasimama palepale. Alikijua kicheko kile. Alikuwa hajakisikia tangu harusini.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi Margareta alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, na mbele yake Dismasi amepiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya saruji, suruali imekunjwa, beseni ubavuni. Mguu wa bibi ulikuwa umelazwa juu ya paja lake. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda kikubwa, na Dismasi alikuwa akikiosha kwa kitambaa, kidogo kidogo, huku akimsimulia habari za nahodha mmoja wa Kongo aliyepoteza kofia ziwani.

"Polepole, mwana wanje," alisema bibi, yaani mwanangu, kwa kilugha chetu. "Hapo hapo ndipo panapouma."

Kwetu mkwe na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Mkwe haingii chumbani humo, hakai kitanda hicho, wala hashiki mkono wa bibi huyo, sembuse mguu mtupu wenye kidonda. Jambo hilo likisikika ni aibu ya wote wawili. Nikaelewa kiapo kilikuwa cha nini, na kwa nini majirani wa pale walikuwa wamefunga midomo.

Nilidhani Honorata atalia kwa furaha. Mwanamke hayupo, jina analo, na jina lenyewe ni la mama yake. Lakini alishika mwimo wa mlango, na sijawahi kumwona ameumia namna ile.

"Mwana wanje," alirudia. "Yeye ni mwanao. Na mimi mwana wa nani?"

Dismasi aligeuka, akajaribu kusimama, goti likamkatalia, akashika ukingo wa kitanda. "Honorata. Nilikuja siku moja kumpigia magoti kwa ajili yako, akusamehe. Nikamkuta sakafuni, mguu umeoza nusu. Jirani anampikia, lakini kidonda anakiogopa. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Mimi nilimkataza," alisema Bibi Margareta. Hakuonyesha aibu hata kidogo. "Nilimwapisha. Ukiitwa utakuja kwa sababu umeitwa. Nilitaka uje mwenyewe. Nimekungoja, hukuja. Amekuja huyu."

"Happiness umemwambia?"

"Happiness yuko mbali."

"Nimekuuliza umemwambia?"

Bibi akageuzia uso ukutani, na sote tukajua Happiness aliambiwa. Honorata akafumba macho.

Mimi nami sikuweza kunyamaza. Mama yetu sisi, mama wa Dismasi na mimi, alilala kitandani miezi mingi kabla ya kufa, na aliyemwogesha, akamgeuza, akamsafisha, ni mimi. Dismasi alikuwa akisimama mlangoni na kofia mkononi, anauliza, dada, ameamkaje? Nikamwambia, "Mama yako mzazi hukumshika hata kidole. Leo unaosha vidonda vya mama wa watu."

Alinitazama kutoka pale chini. "Mama ulikuwa umemshika wewe, dada," alisema. "Kila nikisogea ulikuwa unaniambia nitamuumiza, nitoke. Hukuniachia hata mguu."

Niliinama nikasogeza beseni mbali na miguu yake.

Honorata alikuwa ameshavua viatu. Aliingia, akamshika Dismasi kwapani, akamwinua, akamsogeza pembeni kama anavyosogeza gunia. "Toka," alimwambia. "Daktari amekukataza. Kaa nje, nyoosha mguu." Kisha akapiga magoti mahali palepale, kwenye ile saruji, akauchukua mguu wa mama yake akauweka juu ya paja lake. Alichovya kitambaa, akakamua, akakiweka juu ya kidonda, na bibi akaruka.

"Maji ya moto hayo! Dismasi huwa anayapoza kwanza."

"Dismasi hayupo. Nipo mimi."

"Basi yapoze."

Honorata akaongeza maji baridi kutoka kwenye ndoo, akajaribu kwa kiwiko kama unavyojaribu maji ya mtoto. Akaanza upya, safari hii taratibu, na bibi hakuruka tena. Lakini shingo yake ilikuwa imeinuka, macho yanapita juu ya kichwa cha Honorata kuelekea mlangoni, yakimtafuta Dismasi kule nje.

"Amekaa vizuri?" aliuliza. "Mpeni kigoda. Lile goti lake linauma sana jioni, ameniambia."

Honorata hakuinua kichwa. Machozi yalikuwa yanadondoka ndani ya beseni, na alivyosema ilikuwa kwa sauti ya chini, si ile ya sokoni, si ile ninayoisikia kila siku kuvuka ua.

"Mama," alisema, "niangalie mimi."

Bibi Margareta akashusha macho. Akamwangalia kwa muda mrefu, nywele zake zenye moshi, mabega, ile mikono minene iliyoshika kitambaa. Akausogeza mguu, ukamkaribia zaidi.